Kipande cha Mwisho cha Sinema ya Daraja

Vijana wangu wa chumba cha mashine, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mmeniomba kwa adabu, mkaniletea na daftari jipya, jambo lililonitia wasiwasi kidogo, maana kijana wa siku hizi hakupi kitu hivi hivi. Lakini sawa, naandika. Mshahara wangu siutaji, haukuwa na la kusimulia. Vyeo sikuwa navyo: niliingia opereta, nimetoka opereta. Nitasema habari ya sinema moja tu. Nyingine zote zilikuja zikapita, hii ikanifuata tangu ujana mpaka nimestaafu.

Tena niseme mapema, msije mkadhani nasimulia mashine peke yake. Miaka yote hiyo nilikuwa na swali moja lililonikaba rohoni: mke wangu alinitaka mimi, au alinipata baada ya kumkosa mwingine? Sinema hiyo ndiyo iliyonitia swali hilo. Niliona aibu kuliuliza, na aibu ya mwanamume mnaijua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokewa na Fundi Salehe, opereta mkuu wa jumba la sinema pale mjini Moshi. Alikuwa mtu mfupi, jicho la kushoto limefifia kwa mwanga wa mashine. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kutazama sinema bure. Nikasema kazi. Akasema, "Wote husema hivyo."

Mashine zilikuwa mbili, kubwa, zimeelekea pazia kupitia matundu mawili ukutani. Taa yake haikuwa globu. Vilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyowaka vikikaribiana, mwanga mkali kama wa mtu anayechomelea vyuma, na kazi yako ni kuvisogeza taratibu kadiri vinavyoliwa. Sinema moja ilikuja na mikanda kumi na zaidi, kila mkanda ndani ya kopo lake la bati. Mkanda ukikaribia kwisha, kidoa cha duara kinatokea juu pembeni mwa picha. Kidoa cha kwanza, unawasha mashine ya pili. Kidoa cha pili, unahamisha. Ukichelewa, watu wanabaki gizani, na giza la jumba la sinema lilikuwa na matusi ya kila kabila.

Fundi Salehe alinifundisha jambo moja kuliko yote. "Opereta hatazami picha," alisema. "Picha anaijua. Anatazama watu." Basi nikajifunza kuchungulia kwenye tundu. Watu wakitulia sana, shuku. Wakicheka mahali pasipo na kichekesho, shuku zaidi. Mtu akitoka mara mbili kabla ya mapumziko, ana lake jambo. Nilikuwa mwepesi wa kushuku tangu nyumbani. Fundi Salehe alinipa leseni tu.

Hiyo sinema ilikuja mwaka wangu wa pili. Jina lake la Kihindi hakuna aliyeweza kulitamka, mji mzima ukaiita Daraja. Ni ya kijana mfua shaba na binti wa mwenye mashamba. Wanapendana, kaka zake binti hawataki, mto unawatenganisha, na juu ya mto kuna daraja la kamba. Kaka watu wanazikata kamba nusu nusu, zisionekane. Mwishoni mvua inanyesha, mto umefura, kijana anavuka, binti ananyoosha mkono kutoka ng'ambo ya pili, vidole vinagusana. Halafu kamba zinakatika. Binti angeweza kumwachia. Hakumwachia. Wanakwenda wote na maji.

Sasa, ninyi mmezaliwa juzi, hamjui ukubwa wa kosa hilo. Zamani hizo kila mtu alijua sheria ya sinema: steringi hafi. Mhusika mkuu atapigwa, atafungwa, atatupwa korongoni, lakini hafi, maana akifa sinema ni ya nani? Taa zilipowaka siku ile ya kwanza, watu walibaki vitini, wakasubiri. Kisha mmoja akainuka akageukia juu kwenye matundu yetu, akapaza sauti:

"We opereta! Steringi hafi! Weka mkanda uliobaki!"

"Mmeuficha!" akadakia mwingine. "Wezi wakubwa!"

Nikawaonyesha kopo tupu kupitia tundu. Ndiyo nikaharibu kabisa, maana walisema kopo tupu ndilo ushahidi wa wizi. Kiti cha kwanza kikavunjwa, kikafuata cha pili, tukajifungia chumba cha mashine mpaka wakachoka.

Asubuhi yake tajiri mwenye jumba alipanda ngazi zetu akihema. Alitazama viti kupitia tundu, akanitazama mimi, akatoa amri ya neno moja.

"Kata."

Nikaitoa ile sehemu kwa mkasi. Baada ya vidole kugusana, nikaunganisha moja kwa moja na yale maandishi ya mwisho. Fundi Salehe alisimama nyuma yangu. "Ukishaunga," alisema, "usimwambie mtu yeyote. Hata mama yako. Siku ukimwambia mmoja, mji mzima utataka kipande chake." Nikaapa. Kile kipande tukakitia ndani ya kopo la biskuti, tukaliweka juu ya kabati.

Na hapo, vijana, ndipo sinema ilipopata uhai. Waliokuwepo siku ya kwanza walisema steringi amekufa, wameona kwa macho yao. Waliokuja siku ya pili walisema waongo hao, amevuka salama. Watu wakashuka kutoka Uru na Kirua Vunjo, huko mlimani, kuja kuamua ugomvi. Mtu akiiona mara moja anarudi tena, maana amesikia kwamba Jumapili ndiyo siku anayokufa. Wasomi wanasema sinema kama ile hudumu kwa sababu ya mapenzi. Labda. Mimi niliyechungulia kwenye tundu nasema ilidumu kwa sababu hakuna mtu Moshi aliyeuamini mwisho wake. Kila tajiri alipotaka kujaza viti, aliiagiza Daraja.

Kati ya waliokuja kuniuliza alikuwa binti mmoja wa Uru, Ndeshi. Alipanda ngazi za pembeni, akasimama mlangoni na kitenge chake kimekunjwa vizuri begani.

"Kaka, kile kipande cha mwisho mmekipeleka wapi?"

"Kipande gani, dada yangu?" nikasema, uso mkavu kabisa.

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima maziwa kama yametiwa maji. Akasema asante, akashuka. Wiki iliyofuata akarudi na ndizi mbivu. Mambo yakaendelea kama yanavyoendeleaga. Yeye Mlutheri wa mlimani, mimi Mwislamu wa mjini, bibi yangu Mmanyema, babu yangu Myemeni. Kwao walikataa, kwetu walikataa, tukafunga ndoa ya bomani na kila upande ukanuna mpaka Zuhura alipozaliwa. Tangu hapo yeye ni Mama Zuhura, nami sijamwita Ndeshi ila nikikasirika.

Tatizo lilianza na sinema. Kila Daraja iliporudi, Mama Zuhura alikuja. Alikaa safu ya nne kutoka nyuma, peke yake. Na kila mara, vidole vikigusana, watu wanapiga makofi na vigelegele, yeye analia. Namwona kwenye tundu. Mwanamke ambaye kwenye msiba wa mama yake alikaza uso akagawa chai kwa waombolezaji! Sasa nambieni: mtu analilia nini pale wapenzi walipokutana salama?

Nilipata jibu langu haraka, maana mwenye shaka hakosi jibu. Kabla yangu alikuwa na mchumba, Anaeli wa Kirua Vunjo, dereva wa trekta. Hilo nililijua, alinieleza mwenyewe, kwamba waliachana kwa heri. Nikajiambia: analilia nini kama si Anaeli? Anawaona wale wawili wamevuka daraja, na yeye hakuvuka.

Anaeli naye hakunisaidia. Alioa binti wa mama mdogo wa mke wangu, akawa shemeji, na kila mavuno alituletea kiroba cha mchele kutoka Chekereni alikokuwa akilima. Anacheka, anambeba Zuhura, ananiita "shemeji yangu wa sinema". Mchele mzuri, unanukia. Nilikuwa naula huku nikiutilia shaka.

Jumba la sinema lilifungwa, likageuzwa ghala la magodoro. Fundi Salehe alikuwa ameshafariki. Kopo la biskuti sijui lilikwenda wapi. Nadhani lilitupwa na waliohamisha viti. Mimi nikapata kazi banda la video, na banda lenyewe, kwa mipango ya Mungu au ya shetani, lilikuwa Chekereni.

Kule kazi ilikuwa kutafsiri. Unakaa karibu na televisheni, una maiki, wahusika wanasema Kihindi wewe unawasemea Kiswahili, mwanamke na mwanamume, bwana na mtwana. Sauti inakauka, kwa hiyo weka maji ya vuguvugu karibu, soda usinywe, itakucheulisha katikati ya mapenzi. Siku ya kwanza mwenye banda akaleta kaseti ya Daraja, nzima, na mwisho wake. Kaseti haikatwi kwa mkasi. Basi nikaikata kwa mdomo. Kamba zilipokatika, wakaanguka, nikasema kwenye maiki: "Wameanguka, lakini wote wawili wanajua kuogelea! Watatokea ng'ambo kule chini, kwa mjomba wake!"

Watazamaji wakanigeukia. Wakulima wa mpunga hao, maisha yao yote wanafungulia na kufunga maji ya mifereji.

"Mtafsiri," mmoja akasema, "maji yale hayaogeleki."

"Yanaogeleka."

"Sisi tunayajua maji, mzee. Unatudanganya."

Nikashikilia hapo hapo. Nao wakarudi wiki iliyofuata kubishana tena, banda likajaa. Na siku moja nikainua macho, nani yuko mlangoni? Mama Zuhura, na kikapu. Ati amekuja kununua mchele. Mchele, wakati kiroba cha Anaeli kiko nyumbani hakijafunguliwa! Akasimama mpaka mwisho, nikasema uongo wangu wa kuogelea, akalia, akaondoka. Shamba la Anaeli lilikuwa upande wa pili wa mfereji. Jioni nilimuuliza mchele uko wapi. Akasema ulikuwa umechanganyika na mawe. Nililala nimeelekea ukutani, na nililala hivyo siku nyingi.

Baada ya kaseti zikaja sahani, baada ya sahani flashi, nikarudi mjini kwenye ukumbi huu mnaoujua, mashine yenyewe nyepesi kama kitabu. Daraja ikaja nayo. Niliwakataza kuonyesha mwisho wake, mkanilalamikia kwamba mzee ana imani za kishirikina. Sasa mnajua. Nilikuwa nalinda kiapo, na kwa kweli nilikuwa nalinda na sura yangu.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilikaa barazani kwetu Uru, tulikojenga jirani na kaka yake Mama Zuhura, sina tundu la kuchungulia. Mama Zuhura alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nadhani uvivu ndio ulionipa ujasiri. Nikamwita.

"Mama Zuhura, nikuulize. Ile Daraja, ulikuwa unamlilia nani?"

Hakusimama. Aliendelea kukata kidogo, kisha akaweka panga chini.

"Nilikuwepo siku ya kwanza," akasema.

"Siku gani?"

"Siku walipokufa. Siku viti vilipovunjwa."

"Ulikuwa na nani?"

Akacheka, kicheko kisicho na raha. "Unaona? Nakwambia niliona ulichoficha maisha yote, wewe unauliza nilikuwa na nani. Nilikuwa na Anaeli. Haya, umefurahi?"

Sikufurahi.

"Anaeli ndiye aliyevunja kiti cha kwanza," akaendelea. "Mimi nalia, yeye anavunja kiti, anadai ameibiwa. Nikageuka kumwona huyo opereta wanayemtukana. Ukatokea kwenye tundu na kopo lako, machozi yanakutiririka mpaka kidevuni. Nikasema, Ruwa, Mungu wangu, mjini hapa kuna mwanamume mmoja amelia. Nikamwacha Anaeli wiki ile ile. Nikapanda zile ngazi nikakuuliza kipande kiko wapi, ukaniambia kipande gani, dada yangu. Nikasema amekatazwa na tajiri wake, akiwa nyumbani kwake atanieleza. Nikaolewa nasubiri. Kila sinema ikija nakwenda, hata Chekereni, nasema leo ataonyesha, au leo usiku ataniambia. Nakuona juu kule umekaa uso mkavu. Nilikuwa namlilia yule kijana wa kwenye tundu. Nikasema nimeolewa na nani? Mtu anayeweza kufufua maiti kwa mkasi na asitikisike, mimi kanikatia mangapi?"

Vijana, miaka yote nilikuwa namchungulia yeye, kumbe yeye alikuwa ananichungulia mimi.

Na hapo ndipo ningeweza kudanganya tena. Ilikuwa rahisi: niseme ndiyo, nililia, nisamehe, mambo yaishe, tule. Nilishazoea kazi hiyo. Lakini niliogopa. Nikaona nikikata na hii, sitaunga kitu tena.

"Mama Zuhura," nikasema, "siku ile sikulia. Mkanda ulikatika kabla ya mwisho, nikauunga kwa gundi. Gundi ile kali, ukigusa jicho unaona nyota. Nilijipangusa jasho nikaitia machoni yote mawili. Hata picha yenyewe sikuiona vizuri."

"Gundi."

"Gundi."

Akachukua panga lake, akarudi kwenye majani. Hakusema neno siku hiyo, wala ya pili. Chakula aliweka mezani, chai aliweka, shuka alitandika, ila mdomo umefungwa. Nilijua ninachosubiri. Mwanamke alichagua mume kwa machozi, na machozi hayakuwa machozi. Angefunga mzigo akaenda kwa Zuhura Arusha ningemlaumu kwa lipi?

Siku ya tatu nikakumbuka kwao mtu akikosea huomba radhi kwa jani la sale, ule mmea wanaoupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yao ya ukoo, na mwenye kuletewa sale hawezi kukataa. Nikatoka alfajiri nikakata moja refu, zuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hili umelitoa wapi?" Maneno ya kwanza kwa siku tatu.

"Pale kwa kaka yako."

"Pale mpakani?"

"Ndiyo."

"Baba Zuhura! Umekata mpaka wa kihamba cha watu! Na sale haipelekwi na mkosaji mwenyewe, hutumwa mtu mzima aje nayo. Miaka yote umeoa mlimani hujajifunza hata hilo?" Akanitazama na lile jani langu. "Wewe kazi yako kukata tu."

Nilitaka kucheka nikaogopa. Aliliweka jani juu ya kabati. Hakusema amesamehe, na mimi, kwa tabia yangu, nilianza kushuku kwa nini hakulitupa.

Jumamosi akavaa gauni lake la kanisani, akaniambia nivae viatu. Tukashuka mjini mpaka ukumbini, onyesho la saa kumi. Ninyi mlipotuona mlidhani nimekuja kuwakagua, mkaanza kupanga nyaya. Mama Zuhura akawaamuru muweke Daraja yote, mpaka mwisho, asikatwe mtu. Mkanitazama mimi. Nikasema fanyeni anavyosema mama yenu.

Mimi nikageuka kuelekea chumba cha mashine, mguu umezoea. Akanishika mkono wa koti.

"Leo unakaa huku."

Nikakaa kwenye kiti. Maisha yangu yote kwenye sinema sijawahi kukaa kando ya mke wangu. Viti vile ni vigumu, nawaambia mvibadilishe. Picha ikaenda. Mvua, mto, kamba. Kijana akaingia darajani. Binti akanyoosha mkono, na mimi mwili mzima ukataka kuinuka kuzuia mashine. Dada mmoja nyuma yetu akasema kwa nguvu, "Steringi hafi huyo!" Vidole vikagusana. Kamba zikakatika.

Nikageuka haraka kumtazama Mama Zuhura, nione kama analia, na kama analia, analia vipi.

Hakuligeuza hata jicho. Alinyoosha mkono akanishika taya, akaurudisha uso wangu kwenye pazia.

"Acha kunitazama mimi," akasema. "Tazama huko, nimekusubiri sana."

Nikatazama.